Mtutu wa Pembe Nane wa Mzee Yusuf

Mtutu wa bunduki kuukuu hautoki kwa nguvu, wanangu. Naanza na hilo kwa sababu nawajua. Ninyi vijana mkikuta kitu kimegoma, mnatafuta bomba la kurefusha mkono wa spana. Niliwahi kuwaona wanaume wawili wenye vifua kama milango ya msikiti wakining'inia kwenye spana moja, katika karakana yetu kusini mwa Johannesburg, ili mtutu ufunguke. Haukufunguka. Kilichosalimu amri ni kiwiliwili cha bunduki, yaani kile kipande cha katikati kinachobeba mashine yote. Kilijipinda kama ndizi. Bunduki ile ilikuwa imevuka vita na mafuriko na warithi watatu, ikafia kwetu dakika tano kabla ya chai.

Mimi naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga. Wazungu waliniita Aunty, Wakongo wa Yeoville wananiita Mama Tanga, na ninyi wa hapa Fordsburg mnaniita Gogo, kama Wazulu wanavyomwita bibi. Nilikereza vyuma tangu nikiwa msichana, na miaka yangu ya mwisho ya kazi, hadi nilipostaafu mwaka 2019, niliimalizia kwenye karakana ya kutengeneza bunduki. Najua mnacheka. Juzi mmoja wenu alinishika mkono kunivusha kwenye robot, zile taa za barabarani, pale kona, nikamweleza kazi niliyokuwa nikifanya, akasimama katikati ya barabara: "Gogo, wewe? Bunduki?" Magari yakatupigia honi. Basi nimeamua niandike. Kiswahili mnakielewa, ila mnanijibu kwa Kiingereza. Sharp, kama msemavyo. Leo hamna nafasi ya kujibu.

Kukereza nilifundishwa na Fundi Salimu kwenye karakana ya reli, kule nyumbani. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alivaa kofia ya kiua iliyochafuka grisi hadi ikawa rangi ya udongo. Kazi aliyoijali kuliko zote ni kuchonga hesi, ile mifuo inayozunguka chuma kama kwenye skrubu. Ukimaliza kuchonga, alichukua nati, akaianzisha kwa vidole viwili, kisha akasimamisha chuma wima na kuiachia. Kama nati ilishuka yenyewe, polepole, ikizunguka kwa uzito wake hadi chini, alisema "Haya." Ikikwama, alikirudisha chuma kwenye lundo la vyuma chakavu. Ikishuka haraka ikitikisika, alikirudisha vilevile. Miezi minne ya kwanza sikusikia "Haya" hata moja. Nililia chooni mara mbili. Mara ya tatu sikulia, nilirudi kunoa kisu changu upya, na hapo ndipo nati ikaanza kushuka.

Nilikuja Johannesburg kumfuata mume wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiuza vitambaa. Nikapata kazi kwenye karakana ya pampu za maji. Siku moja akaja mzee wa Kikaburu mwenye ndevu nyeupe, kaptula na soksi ndefu, akiwa na skrubu ndogo iliyokatika, ya bunduki. Vijana wa pale walimwambia hesi ya namna ile haitengenezwi tena. Nikamwambia aiache. Alipoirudia, aliitia kwenye tundu lake, ikazama kwa vidole. Akaniangalia, akaangalia ile skrubu, kisha akaniangalia tena.

"Hawa wanakuitaje hapa?" akauliza.

"Mwanaidi."

"Mwanaidi, pampu zina watu wengi wa kuzitengeneza. Njoo kwangu."

Huyo ndiye Oom Hendrik. Oom kwa lugha yao ni mjomba, na kila mtu alimwita hivyo. Tulizungumza kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu zaidi, lakini hapa nitawaandikia kana kwamba yeye na wateja wetu walijua Kiswahili. Leseni ya karakana ilikuwa yake, mimi nilifanya kazi chini yake, na yeye alikuwepo siku zote. Msifikiri bunduki ni kitu cha kuchezea uani. Mtutu peke yake, hata haujafungwa popote, kwa sheria za hapa unahesabika kama silaha, na una karatasi zake kama gari lilivyo na kadi.

Msidhani nilianza kwa sifa. Mtutu wangu wa kwanza niliukaza ukapita mahali pake kidogo, unywele tu. Nikasema moyoni, nani ataona? Kilengeo cha mbele kikaegemea kulia kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mwenye bunduki akaenda kupiga shabaha, akarudi Jumatatu.

"Aunty," akaniambia kwa upole, "bunduki hii inampiga jirani."

Oom Hendrik alinifanya niufungue na kuufunga mtutu ule mara sita siku hiyohiyo, na kila mara aliniita nitazame kutoka nyuma, jicho moja limefungwa. Mara ya sita niliona kosa kabla hajaniita. Ndipo akaniruhusu kwenda nyumbani.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Yusuf.

Alikuja mwanzoni mwa mwaka 2015, mwaka ambao mgao wa umeme ulitusumbua sana. Tulikuwa tunakatiwa kwa zamu, saa mbili au zaidi kila mara. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Fordsburg, mrefu, amevaa kanzu nyeupe na koti la suti, na miwani minene kama vitako vya glasi. Alibeba mfuko mrefu wa ngozi kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto aliyelala.

"Assalaam aleikum," akasema. "Fundi yuko wapi?"

"Wa aleikum salaam. Fundi wa mitutu ni mimi."

Akatazama nyuma yangu. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta na kalenda.

"Nitamsubiri," akasema.

"Utasubiri sana, mzee. Huo ni ukuta."

Oom Hendrik alicheka kule ndani hadi akakohoa. Akatoka, akamsalimu, akainyoosha mikono yake mbele ya yule mzee. Ilikuwa ikitetemeka. Ugonjwa ule ulikuwa umemwanza mwaka uliotangulia, na chai alikuwa anaimwaga kabla haijafika mdomoni. "Mimi naangalia," akamwambia. "Mama huyu ndiye anayefanya. Ukitaka mikono hii ikufungie mtutu, sema."

Mzee Yusuf akaufungua mfuko.

Ilikuwa bunduki ya Kimarekani ya zamani, ya wenzo, ile ambayo chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma. Unaushusha na kuurudisha, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Umri wake ulipita miaka mia. Mtutu haukuwa wa duara kama mnavyoona kwenye picha. Ulikuwa na pembe nane, mabapa manane yaliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na nje ulikuwa mzuri kama fimbo ya sultani. Ndani ulikuwa umeliwa na kutu. Niliumulika kwa taa nikaona vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Akatueleza kwamba ilikuwa ya babu yake, aliyekuwa na duka porini huko kaskazini, enzi ambazo chui alikuwa akiingia hadi kwenye banda la kuku. Baba yake akairithi, kisha yeye, na sasa macho yake yalikuwa yanafunga duka. Alikuwa na binti mmoja, Faiza, mwalimu wa hesabu, ambaye hupiga shabaha kwenye klabu na alikuwa na vyeti vyake vyote. Kibali cha kumhamishia bunduki kilikuwa kinashughulikiwa.

"Sitaki ampokee babu yangu akiwa maiti wa ukutani," akasema. "Nataka aipige. Na nataka niwepo."

Mtutu mpya wa pembe nane uliagizwa ng'ambo. Pamoja na karatasi zake ulichukua miezi minane kufika, na muda wote huo Mzee Yusuf alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Haulizi mtutu. Anauliza afya yangu, ya watoto, ya Oom Hendrik, halafu anangoja kwenye simu hadi niseme mwenyewe, "Bado, mzee."

Ulipofika, nikaanza kuutoa wa zamani. Sikilizeni hapa. Kwanza mafuta mepesi kwenye maungio, na subira ya siku tatu. Kisha mtutu unabanwa kwenye jiliwa kati ya mbao mbili ngumu zilizochongwa zifuate pembe zake, na mbao zinapakwa unga wa ulimbo mkavu wa msonobari ili chuma kisiteleze. Spana inashika kiwiliwili pale mbele kabisa, karibu na mtutu ulipoingia, si nyuma kwenye kuta zake nyembamba. Ndipo wale wanaume wawili walipokosea. Joto kidogo, la kupasha tu. Halafu unagonga spana mara moja, kwa kishindo kifupi, kama unayemwamsha mtu. Uligoma mara mbili. Mara ya tatu ukatoa mlio kama wa mfupa wa kuku, ukalegea. Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa fundi wetu wa mbao, alipiga makofi kutoka kwenye meza yake. "Mama Tanga! Iko inatoka!"

Nilipoisafisha hesi ya ule mtutu wa zamani nikakaa chini. Haikuwa na meno yaliyochongoka kama hesi za siku hizi. Yalikuwa ya mraba, yamekatwa kama ngazi. Siku hizi mashine za kompyuta zinachonga kila kitu, unaandika namba unakwenda kunywa chai, nami sina ugomvi nazo. Lakini kisu cha hesi ile hakiuzwi dukani. Lazima ukinoe mwenyewe, na pembeni ukipunguze mwinamo wake sawasawa, la sivyo kinakwaruza ukuta wa mfuo kinapopita. Fundi Salimu alinifundisha hesi ya mraba kwa ajili ya jeki za mabehewa. Nilinoa kisu kile asubuhi nzima. Nikachonga kwenye kipande cha chuma chakavu kwanza, kisha kwenye mtutu mpya wenyewe, nikikata tabaka jembamba kama karatasi kila mara. Kiwiliwili kikashuka juu yake kwa vidole viwili.

Sasa ugumu wa pembe nane. Mtutu wa duara ukikosea kidogo, huenda mwenye macho mabovu asione. Wa pembe nane hauna huruma. Bapa la juu lazima lilale sawa na mgongo wa bunduki, na hapohapo mtutu uwe umekaza. Kwa hiyo unapunguza bega la mtutu, pale linapogota kwenye kiwiliwili, kidogo kidogo, unafunga, unatazama, unafungua, unapunguza tena. Ukipunguza mno, bapa linapita mahali pake, na huwezi kurudisha chuma ulichokwisha kukiondoa. Nilifunga na kufungua mara kumi na tisa. Mara ya ishirini niliweka rula ya chuma juu ya bapa na mgongo, nikamulika taa kutoka nyuma. Hakuna mwanga uliopita. Nikamwita Oom Hendrik. Akatazama kwa muda mrefu, akaondoka, akarudi na kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma yangu ili nikae. Hakuwahi kumpa mtu kiti kile.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba, wanangu. Na kichwa kilichovimba hakioni chini.

Ilibaki kazi moja, chumba cha risasi. Ni ile nafasi ya nyuma ya mtutu risasi inapolala, huku komeo likiiziba kwa nyuma. Fundi mwaminifu huacha chumba kifupi kidogo, kisha hukimalizia kwa kikwanguo cha mkono, akipima kwa vipimo viwili vya chuma. Sisi tuliviita "ndiyo" na "hapana". Komeo lazima lifunge juu ya "ndiyo", na lazima likatae kufunga juu ya "hapana". Likifunga juu ya vyote viwili, risasi ina nafasi ya kurudi nyuma inapolipuka, ganda linaweza kupasuka, na moto ukamtafuta aliye nyuma ya bunduki.

Siku hiyo umeme ulikuwa ukatwe saa nane, na ilikuwa saa saba na nusu. Nilitaka kumaliza. Nilikwangua, nikapima: komeo likagoma kwenye "ndiyo". Nikakwangua tena. Likagoma. Nikakwangua mara tatu zaidi, na dakika chache kabla ya saa nane likafunga. Nikasema alhamdulillah, nikafunika kazi yangu kwa kitambaa, taa zikazima.

Asubuhi nilifungua mashine yote niioshe kwa mafuta ya taa. Nyuma ya kabari mojawapo, zile kabari mbili zinazoshikilia komeo, kikatoka kinyuzi cha chuma kidogo kama ganda la mpunga. Nilisimama na brashi mkononi. Kinyuzi kile ndicho kilichokuwa kikisukuma komeo mbele jana yake. Chumba hakikuwa kifupi. Kilikuwa sawa tangu kipimo cha kwanza, nami nikakikwangua kupita kiasi, kwa sababu sikuosha kabla ya kupima. Fundi Salimu alituambia hilo siku ya kwanza kabisa: osha, ndipo upime. Nilikuwa nimeshawafundisha watu wengine hilo.

Nikaweka kipimo cha "hapana". Nikafunga wenzo. Komeo likafunga laini, kama droo ya kabati zuri.

"Oom," nikasema, "nimeharibu."

Akaja, akajaribu mwenyewe kwa mikono yake ile inayotetemeka. Likafunga tena.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

Akageukia dirishani. "Atapiga risasi tatu, labda kumi," akasema. "Kisha ataitundika." Alisema hivyo bila kuniangalia. Msimhukumu. Nilimjua miaka mingi na sikuwahi kumwona akipitisha kazi mbovu, lakini alikuwa amechoka, ugonjwa ulikuwa unamla, na miezi minane ya simu za Ijumaa ilikuwa imemlemea yeye pia.

"Atakayepiga si yeye, Oom. Ni Faiza. Na shavu lake litakaa hapa." Nikaweka kiganja juu ya kitako cha bunduki.

Alikitazama kiganja changu. Kisha akasema, "Mpigie simu. Lakini piga wewe. Mtutu huo ni wako."

Mzee Yusuf alifika kabla ya saa sita. Nilikuwa nimekiweka kile kinyuzi juu ya karatasi nyeupe. Akavua miwani, akakisogelea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Hiki?"

"Hicho. Na mkono wangu."

"Na ungenyamaza, ningejua?"

"Usingejua. Labda siku ganda lingepasuka."

Alipiga ngumi kaunta, kalamu zikaruka. "Miezi minane, mama! Miezi minane! Nimeshamwambia binti tutapiga Jumamosi! Nimewaambia hadi wa msikitini!" Uso wake ulikuwa mwekundu. Alichukua fimbo yake ya kutembelea akaelekea mlangoni. Nikafikiri ndiyo imekwisha. Akasimama pale, mgongo umetugeukia.

"Inaponyeka?"

"Inaponyeka. Nitaupunguza mtutu bega na kuuingiza ndani mzunguko mmoja kamili, ili mabapa yarudi palepale. Nitakata chumba upya. Lakini kila kitu kilicho chini yake kitasogea nyuma. Bomba la kuwekea risasi nitalifupisha, na mti wa mbele unaoshikwa kwa mkono pia. Mti wa babu yako."

"Kiasi gani?"

Nilitoa sarafu ya randi mfukoni, nikaionyesha kwa ubavu. "Unene huu."

Aliirudia kaunta, akaichukua ile sarafu, akaigeuza-geuza.

"Kata," akasema. "Ila nitakaa hapa nikiangalia."

Tukadhani ni maneno ya hasira. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni na chupa ya chai na sufuria ya sambusa iliyofungwa kwa taulo. Oom Hendrik akamwekea stuli nyuma ya mstari wa njano, akampa miwani ya kukinga macho, akaivaa juu ya ile yake minene. Akakaa siku mbili nzima. Aliuliza kila kitu. Kwa nini kisu hiki na si kile? Kwa nini nimesimama? Kwa nini nimeosha tena wakati nimeosha sasa hivi? Papa Ilunga alipofika kwenye kukata ule mti, akanong'ona, "Mama Tanga, huyu mzee atanitazama mpaka saa ngapi? Mukono yangu iko inatetemeka sasa, kama ya Oom." Mnong'ono wake ulikuwa na sauti kidogo, Oom Hendrik akasikia, na ndiye aliyecheka zaidi.

Siku ya pili saa nane umeme ukakatika, mtutu ukiwa umebaki mguso mmoja tu kufika mahali pake. Ningeweza kuumalizia kwa tupa, kwa mwanga wa mlangoni. Nilitamani. Nikafuta mikono, nikakaa. Tulikaa wote wanne kwa saa mbili na nusu tukala sambusa, na Mzee Yusuf akatuhadithia jinsi babu yake alivyolipiga risasi debe la mafuta ya taa akidhani ni chui. Umeme uliporudi, niliosha kila pembe, nikapima, nikakata, nikaosha, nikapima. Bapa likalala juu ya mgongo wake. "Ndiyo" ikafunga. Nikaweka "hapana". Wenzo ukapanda nusu, ukagota.

"Gonga," akasema Mzee Yusuf.

"Haigongwi, mzee. Imekataa."

"Imekataa," akarudia polepole, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Risasi za kwanza hazipigwi kwa bega la mtu. Tuliifunga bunduki kwenye benchi, tukavuta kifyatulio kwa kamba tukiwa nyuma ya ukuta. Niliokota ganda la kwanza, nikalizungusha kwenye mwanga, nikapitisha ukucha chini yake. Laini, halina ufa. La pili vilevile. La tatu vilevile. Kisha Oom Hendrik akanikabidhi.

"Aliyefunga ndiye anayepiga kwanza."

Nilikaza ushungi wangu, nikaiweka begani, nikapiga. Nasema kweli, sikuangalia niligonga wapi. Nilikuwa nasikiliza wenzo ukishuka na kupanda, ganda likiruka, na komeo likirudi nyumbani kwake.

Faiza alipiga tano, amevaa baibui na viatu vya michezo, ametulia kama anayesahihisha madaftari. Baba yake alisimama kando na darubini usoni, lakini macho yake hayakufika hata nusu ya uwanja.

"Wapi?" akauliza baada ya risasi ya kwanza.

"Katikati, kwenye nyeusi, baba."

"Na hiyo?"

"Nyeusi."

Hadi ya tano. Akashusha darubini, akatafuta bega la bintiye kwa mkono, akalipata. Sikumwona akilia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama nikiokota maganda ambayo yangeweza kusubiri.

Kama mwezi baadaye nilikuwa hapa Fordsburg, kwenye duka la viungo, napimiwa bizari. Nikasikia sauti ya Mzee Yusuf upande wa pili wa magunia, akimwambia mzee mwenziwe, "Bunduki za wengine zimefungwa mara moja. Yangu imefungwa mara mbili!" Alisema kwa majivuno, kama mtu anayetaja ghorofa za nyumba yake. Nikainama nyuma ya gunia la dengu, lakini muuzaji alikwisha kuniita jina. Mzee Yusuf akaja, akaniweka mbele ya rafiki yake.

"Ndiye huyu," akasema. "Alikosea, akaniambia."

Jumatatu iliyofuata mlango wa karakana ukafunguliwa, akaingia rafiki yule, na bunduki ya marehemu kaka yake imefungwa kwenye blanketi. Nilikuwa ndani, kwenye mashine. Oom Hendrik alikuwa kaunta, akauliza ana shida gani.

"Shida nitamwambia mwenyewe," akasema yule mzee. "Niitie fundi. Yule mama."